SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAZI: HITILAFU ZA KIYOYOZI KATIKA NYUMBA ZA HANDENI NA KOROGWE

Mji wa Korogwe umekaa bondeni kando ya Mto Pangani, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Desemba hadi Machi joto lake huwanyima wakazi usingizi. Handeni iko juu zaidi na upepo wake ni mkavu, lakini jua lake na vumbi lake jekundu vinajulikana kwa kila mtumishi aliyewahi kuhamishiwa huko. Ndiyo maana viyoyozi, ambavyo zamani vilionekana katika mabenki na ofisi za wakubwa tu, vimeingia katika nyumba za watumishi, maduka ya dawa na nyumba za kulala wageni. Bila shaka somo hili haliwahusu wakazi wa Bungu na Vugiri, ambao ingawa wamo katika wilaya hiyohiyo ya Korogwe, mahitaji yao ya usiku ni blanketi.

Kwanza ieleweke kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje. Sehemu ya ndani hupuliza hewa ya chumba juu ya mabomba yaliyopoa. Gesi iliyomo ndani ya mabomba hayo hulibeba joto hadi sehemu ya nje, ambako kompresa huikandamiza na feni hulipeperusha joto hilo. Mwenye kushika jambo hili moja ataweza kufikiri mwenyewe juu ya hitilafu nyingi, kwa kuwa karibu zote hutokana na hewa kuzuiwa kupita, gesi kupungua, umeme kuwa mbovu, au joto linaloingia chumbani kuwa kubwa kuliko uwezo wa mashine.

Vumbi ndilo adui wa kwanza. Katika miji ya pwani kama Tanga, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, chumvi ya bahari huyala mapezi ya alumini ya sehemu ya nje hadi yakamomonyoka. Handeni na Korogwe zimesalimika na balaa hilo, lakini kiangazi chake hujaza vichujio kwa muda mfupi sana, na nyumba zilizo karibu na korona za mkonge hupata pia singa laini zinazonasa kwenye mapezi kama pamba. Kichujio kikiziba, hewa haipiti, mabomba hupoa kupita kiasi na barafu huanza kuota juu yake. Mwenye nyumba huona barafu akadhani mashine inafanya kazi vizuri mno, kumbe ndiyo inayokaribia kuharibika.

Kichujio hutolewa kwa kufunua mfuniko wa mbele wa sehemu ya ndani baada ya kuzima umeme. Kioshwe kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, kikaushwe kivulini, kwa sababu plastiki yake hujikunja ikianikwa juani, kisha kirudishwe kikiwa kikavu. Wakati wa kiangazi kazi hii ifanyike kila baada ya wiki mbili. Katika masika, mara moja kwa mwezi yatosha. Sehemu ya nje nayo ioshwe kwa maji ya kumiminika taratibu, umeme ukiwa umekatwa kwenye swichi kuu. Mashine za kuoshea magari zisitumike, maana nguvu ya maji yake hulaza mapezi na kuziba njia ya hewa. Aidha, imekuwa desturi katika baadhi ya nyumba kuijengea sehemu ya nje kibanda cha matofali kwa kuogopa wezi. Mashine iliyofungiwa hivyo huvuta tena joto lake yenyewe. Nondo zenye nafasi humzuia mwizi vilevile na hewa ikapita.

Barafu ikishaonekana, kiyoyozi kizimwe na kiachwe kiyeyuke chenyewe, au kiwekwe kwenye feni bila kupoza. Kamwe barafu isibanduliwe kwa kisu, kwani bomba likitoboka gesi yote hutoka na gharama yake hukaribia ile ya mashine mpya. Ikiwa kichujio ni safi na barafu inarudi, hapo kuna sababu ya kushuku gesi.

Suala la gesi linahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo wananchi wengi wanapopoteza fedha. Gesi ya kiyoyozi si kama gesi ya kupikia. Haichomwi wala haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine iliyofungwa vyema yaweza kumaliza umri wake wote bila kuongezwa hata kidogo. Gesi ikipungua, maana yake ni moja tu: inavuja. Fundi anayekuja kila mwaka kuongeza gesi bila kutafuta mahali inapovuja anauza gesi tu, na mashine haitengenezi. Mara nyingi uvujaji huwa kwenye maungio ya mabomba ya shaba, ambayo hulegea yakikazwa vibaya. Povu la sabuni likipakwa hapo huonyesha mapovu, na alama ya mafuta kuzunguka ungio ni dalili nyingine. Mwenye nyumba ana haki ya kuonyeshwa jambo hilo kabla ya kulipa.

Gesi zenyewe si za aina moja. Mashine za zamani hutumia R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Montreal mwaka 1993, na kwa mujibu wa mkataba huo nchi zinazoendelea zinatakiwa kuondoa matumizi ya R-22 ifikapo mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Kwa hiyo mtu anayenunua kiyoyozi kilichotumika cha R-22 kwa sababu ya urahisi wa bei, ananunua mashine ambayo gesi yake itakuwa adimu na ghali mwaka hadi mwaka. Mashine za baadaye hutumia R-410A, yenye mgandamizo mkubwa zaidi, au R-32, ambayo yaweza kushika moto. Aina na uzito wa gesi huandikwa kwenye kibati kilicho ubavuni mwa sehemu ya nje. Fundi asiyesoma kibati hicho, au asiye na mizani ya kupimia gesi, asiruhusiwe kufungua mashine. Kuchanganya gesi za aina mbili ni kuiua kompresa.

Umeme ni jambo la tatu. Wakazi wa Korogwe hushangaa kwamba kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21 tangu mwaka 1964, kiko wilayani mwao, na kile cha New Pangani Falls cha megawati 68, kilichokamilika mwaka 1995, hakiko mbali, lakini taa zao hufifia jioni. Ukaribu wa kituo hausaidii kitu, maana umeme huo huingia katika gridi ya taifa. Kinachoamua nguvu inayofika nyumbani ni transfoma, urefu wa laini na wingi wa nyumba zinazoitegemea. Umeme wa nyumbani unatakiwa kuwa volti 230. Ukishuka sana, kompresa hunguruma bila kuzunguka, hupata joto, kisha hujizima. Mtu asiyejua huizima na kuiwasha tena papo hapo, mara tatu au nne, hadi inapoungua. Utaratibu ulio sahihi ni kusubiri dakika tano kabla ya kuwasha tena, ili mgandamizo wa gesi usawazike. Vivyo hivyo umeme unaporudi baada ya kukatika. Vipo vifaa vya kulinda friji na viyoyozi ambavyo hukata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno na kuchelewesha kuurudisha. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya kompresa, mradi kifaa kinunuliwe cha ukubwa unaolingana na mashine.

Breka inayoruka kila kiyoyozi kinapowashwa inatoa taarifa, na taarifa hiyo isikilizwe. Kuibadilisha kwa breka kubwa zaidi bila kubadilisha waya, au kuunga kwa waya wa kawaida, ni kuuhamisha moto kutoka kwenye breka na kuupeleka ndani ya ukuta. Kiyoyozi kiwe na waya wake peke yake kutoka kwenye breka yake, na kisichomekwe kwenye kamba ya kuongezea soketi pamoja na pasi na birika. Waya wa athi ukaguliwe pia. Katika ardhi kavu ya Handeni, fimbo ya athi iliyofukiwa juujuu hupoteza kazi yake mwezi wa Februari wakati udongo umekauka kabisa. Kazi hizi ni za fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Aidha, ndani ya sehemu ya nje kuna kapasita inayoweza kumpiga mtu hata baada ya umeme kukatwa, hivyo mfuniko wake usifunguliwe na mtu asiyesomea kazi hiyo. Chuo chochote cha VETA chenye fani ya majokofu na viyoyozi chaweza kuulizwa kuhusu mafundi waliohitimu.

Yapo malalamiko mengine ambayo si hitilafu kabisa. Rimoti huwekwa kwenye alama ya feni au ya kukausha, na mwenye nyumba akamwita fundi. Alama ya kupoza ni ile yenye umbo la theluji. Wengine huweka nyuzi 16 wakitumaini chumba kitapoa haraka, ilhali mashine ya kawaida hupoza kwa kasi ileile, tofauti ikiwa kwamba haitapumzika. Nyuzi 25 au 26 pamoja na pangaboi likizunguka polepole hutosha kulala. Na nyumba ya bati isiyo na dari haiwezi kupozwa na kiyoyozi cha chumba kimoja, kikiwa kizima namna gani. Fedha za kwanza zitumike kuweka dari, pazia zito upande wa magharibi na mti wa kivuli.

Hesabu ya umeme iangaliwe kabla ya kununua, wala si baada. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia takriban kilowati moja kompresa inapozunguka. Kikifanya kazi usiku wa saa nane, kompresa ikipumzika kiasi, hutumia kama uniti tano. Kwa mwezi ni uniti 150. Kundi la D1 la TANESCO lilipangwa kwa ajili ya nyumba ambazo wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Mtumishi wa ngazi ya chini anayefunga kiyoyozi, kwa hiyo, hawezi tena kutegemea kubaki katika kundi hilo, na uniti za taa na friji yake nazo zitapanda bei.

Maji yanayodondoka ndani ya chumba kwa kawaida hutokana na bomba la kutolea maji kuzibwa na utando, vumbi au kiota cha mdudu. Bomba hilo lipulizwe au lisafishwe kwa maji kutoka mwisho wake wa nje, na lihakikishwe kuwa linateremka bila kupinda juu. Wakati wa kiangazi Handeni maji hayo hupungua sana au hukauka, kwa sababu hewa ni kavu. Hilo si tatizo. Katika mji ambao ndoo ya maji ina thamani yake, kuyakinga kwa ajili ya kudeki au kumwagilia ni jambo la busara. Yasinywewe, wala yasitiwe kwenye betri ya gari.

Mwisho ni onyo. Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani hakiingizi hewa mpya. Huzungusha ileile iliyomo chumbani. Jiko la mkaa lililoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa madirisha ili ubaridi usitoke hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na waliolala hawaamki. Jiko litolewe nje kabla ya mlango kufungwa, hata kama makaa yanaonekana yamekuwa majivu. Katika vyumba vya zahanati na madarasa, madirisha yafunguliwe kwa vipindi, hata kama kiyoyozi kitalazimika kuzimwa kwa muda huo.