MOTO SAFI NA INSAFU

Ipyana ni mahali katika nchi ya Kyela, pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, nchi ya mpunga, ndizi na kakao. Nyinyi mlio mwambao mwaijua Kyela kwa mchele wake. Walakini wali haufiki siniani pasina moto, na khabari ya moto huo ndiyo somo letu la leo.

Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza mkakati wa miaka 10, ili ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wapikia gesi, umeme na mfano wa hayo. Kadhalika imeziagiza taasisi zilishazo watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na makaa. Basi hata chuo cha dini chenye wanafunzi wengi wa bweni kimo katika amri hii, na wasimamizi wake yawapasa kulijua. Jambo lenyewe ni jema, wala hatulipingi: moshi wa jikoni huharibu mapafu, na mwitu uliofyekwa haurudi kwa mwaka mmoja.

Swali letu ni hili: gharama ya wema huo yamwangukia nani? Mwenye mshahara hununua mtungi wa gesi mara moja, akapumzika. Maskini hupata fedha yake siku kwa siku, na makaa huuzwa kwa kopo, kadiri ya fedha ya siku ile. Huenda kwa hesabu ya mwezi mzima akatoa nyingi kuliko jirani yake. Lakini fedha ya mtungi hawi nayo yote kwa pamoja. Akikatazwa makaa asiwekewe njia ya kununua gesi kidogo kidogo, amekatazwa kupika. Na mchoma makaa naye ana watoto. Akiambiwa aache, na aambiwe ashike kazi gani.

Tena tuseme kweli, sisi wanaume. Mambo haya twayazungumza barazani, na wapikao hawapo. Maoni ya watu yakikusanywa kwa waume peke yao, hayo si maoni ya jikoni.

Wako wadhanio ya kuwa kazi ikiwa safi, na njia yake ni safi. Si hivyo. Huko Lamu palikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050. Watu wa Lamu walishitaki, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la hukumu za mazingira la Kenya likaifuta ruhusa yake, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wengi wakasema, makaa ya mawe ni machafu, yalistahili. Haya, tutazame upepo, usio na moshi. Karibu na Ziwa Turkana zimesimamishwa pangaboi 365, megawati 310, katika ardhi ya ekari 150,000 walimokuwa wakichunga wafugaji. Na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikahukumu ya kuwa hati za ardhi ile hazikupatikana kwa njia ya sharia. Mafakihi wetu huyataja maji, malisho na moto kuwa ni vitu vya shirika baina ya watu. Pale malisho yalichukuliwa kwa ajili ya moto wa wengine.

Na sasa turejee kwetu. Mto Songwe ni mpaka wa Tanzania na Malawi, nao hufurika ukazamisha mashamba ya Kyela na Karonga, hata mkondo wake ukahama. Serikali mbili zimekusudia kujenga bwawa la umeme wa megawati 180 hivi, la kuzuia mafuriko na kumwagilia mashamba pia. Sisi wa bondeni twalitamani, wala si ajabu, maana faida yake ni yetu. Lakini maji ya bwawa yatalala juu, upande wa Ileje na Chitipa, juu ya ardhi za watu wengine. Akiulizwa mtu wa Ipyana, atasema ndiyo kabla swali halijesha. Na aulizwe kwanza yule ambaye shamba lake litazama: atapewa ardhi wapi, kabla ya mvua ipi, na nyaya za umeme zitapita juu ya paa lake jipya, au zitaingia ndani?