Tuisheni ya Mtandaoni: Wakala Hanunui Miaka, Hununua Mtihani

Mwalimu aliyefundisha kemia sekondari hadi mvi zikamtoka, akiandika maombi kwa wakala wa tuisheni ya mtandaoni, huanza karibu kila mara kwa sentensi ileile: nina uzoefu wa miaka ishirini. Upande wa pili, anayeisoma barua hiyo Dubai au London ana mzazi anayesubiri jibu. Mzazi anataka mtu wa kumsaidia binti yake kabla ya Mei kwenye kemia ya IGCSE, karatasi ya 6, ile iliyowekwa badala ya mtihani wa maabara. Miaka ishirini haijibu haja hiyo. Barua inawekwa kando, na kazi anapewa kijana wa miaka minne kazini aliyeitaja karatasi kwa namba yake.

Kwa hiyo kabla hujafungua akaunti popote, uhamishe ujuzi wako kutoka NECTA au KNEC uupeleke kwenye mtihani ambao mteja wa mtandaoni anaulipia. Kwa mwalimu wa Tanzania au Kenya mtihani ulio jirani ni Cambridge IGCSE. Ujirani huo una historia: kabla NECTA haijaundwa mwaka 1973, wazee wetu walikuwa watahiniwa wa Cambridge. Kila somo lina namba ya silabasi: hisabati 0580, kemia 0620, fizikia 0625, biolojia 0610. Pakua silabasi ya somo lako, bure, kwenye tovuti ya Cambridge, uilaze mezani kando ya silabasi unayoijua. Utakuta mada nyingi ni zilezile. Kinachotofautiana ni namna ya kuuliza na namna ya kutoa alama. Kisha fanya mitihani iliyopita wewe mwenyewe, kwa saa na kalamu, halafu ujisahihishe kwa mwongozo wao wa usahihishaji. Mwalimu mzoefu huona aibu kukaa kama mtahiniwa. Akae tu, maana hapo ndipo atakapojua anachoweza kuuza.

Utashangaa kukuta mahali ambapo wewe ndiye uliye mbele. Kuanzia mwaka 2025, hisabati ya 0580 ina karatasi isiyoruhusu kikokotoo. Wapo wanafunzi wengi wa shule za kimataifa waliokulia kwenye kikokotoo na wanaiogopa karatasi hiyo. Mwalimu wa Kitanzania aliyefundisha hesabu kwa majedwali ya NECTA, katika chumba cha mtihani ambamo kikokotoo kilikuwa marufuku, ana jambo la kumwambia wakala ambalo si kila mwombaji analo. Liandike kwenye mstari wa kwanza wa barua. Vilevile, kama umewahi kuandaa mtihani wa vitendo wa kemia kwa watahiniwa mia na kitu kwa vifaa vya kuazima, karatasi ya 6 unaiweza, kwa sababu inauliza kilekile ulichokuwa ukiwafundisha kuandika: kilichoonekana, makosa ya kipimo, na namna ya kupanga jaribio.

Walimu wa Kiswahili nao wasijione wametengwa. IGCSE ina Kiswahili, na mfumo wa kimataifa wa IB unacho pia, mpaka ngazi ya wanaoanza lugha kutoka sifuri. Ila kufundisha mgeni ngeli za nomino ni kazi tofauti kabisa na kuchambua riwaya na kidato cha nne, na wakala atalijaribu hilo kwenye usaili.

Sasa, wakala ni nani? Majina mengi yanayotajwa vijiweni, kama Preply na italki, ni masoko. Unaweka picha, video na bei, mwanafunzi anachagua. Wakala hasa ni kampuni inayompokea mzazi, inamtafutia mwalimu, inapanga bei na kukulipa kwa saa. Kwenye soko mtu asiyekujua anakulinganisha kwanza kwa bei, na mwalimu mwenye shahada na leseni anajikuta amepangwa pamoja na mwanachuo anayetafuta pesa ya bando. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwalimu mzoefu ni kumwendea wakala kwanza, soko baadaye.

Fanya hesabu uone. Preply huchukua malipo yote ya somo la majaribio la kila mwanafunzi mpya. Baada ya hapo imekuwa ikimkata mwalimu mgeni asilimia 33, ikishuka hatua kwa hatua hadi 18 akishapita saa 400. Tuseme bei yako ni dola 10. Mwanafunzi akija kujaribu, kisha akalipia masomo kumi, umefundisha mara 11 na kubaki na dola 67, yaani kama dola 6 kwa somo, kabla ya umeme na intaneti. italki imekuwa ikikata asilimia 15, nayo humtaka anayejisajili kama mwalimu wa taaluma aoneshe vyeti. Kwa mwenye vyeti hiyo ni nafuu. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo visome upya siku unayojisajili.

Wakala yeye hakuoneshi asilimia. Mzazi analipa alichoambiwa, wewe unalipwa mlichokubaliana. Usipoteze usaili kwa kuuliza anabaki na kiasi gani. Uliza mambo yanayogusa mfuko wako: malipo yanatoka tarehe ngapi ya mwezi, kwa njia gani, mwanafunzi akiahirisha zikiwa zimebaki saa chache nalipwa au silipwi, na ripoti ya kila wiki kwa mzazi inahesabiwa kama saa ya kazi au ni hisani yangu. Njia ya malipo iulize mapema kuliko yote. Kenya, tangu 2018, pesa za PayPal zinaweza kushushwa kwenye M-Pesa. Ukiwa Tanzania usidhani mlango huo uko wazi kwa namna ileile. Kampuni nyingi hulipa pia kwa Payoneer. Na mapato hayo yana kodi, TRA au KRA. Weka kumbukumbu tangu malipo ya kwanza.

Mawakala wengi wa Uingereza wanataka mwalimu mwenye haki ya kufanya kazi kule na cheti chao cha ukaguzi wa polisi kiitwacho DBS. Soma masharti kabla ya kupoteza jioni nzima kujaza fomu. Tafuta wale ambao wateja wao ni familia za shule za kimataifa, kwa kuwa hao ndio huwa tayari kumpokea mwalimu aliye nje, na watakuomba hati ya tabia njema ya nchi yako. Nchini Kenya inaombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole zinachukuliwa na DCI. Nchini Tanzania inatolewa na Jeshi la Polisi, na alama za vidole zinahitajika pia. Ianze mapema. Vyeti, namba ya TSC au leseni, na barua ya mkuu wa shule viwe kwenye faili moja safi la PDF, si picha za simu zenye kivuli cha mkono. Na kama bado umeajiriwa, soma mkataba wako, umwombe mwajiri ruhusa kwa maandishi.

Saa ndizo zinazowashinda watu wengi kuliko Kiingereza. Mtoto wa London anayetaka somo saa 10 na nusu jioni, kwako ni saa 1 na nusu usiku wakati wa baridi, na saa 12 na nusu jioni wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Sisi hatusogezi. New York ni mateso: saa 10 jioni yao ni saa 5 au saa 6 usiku wetu, na kesho yake una kipindi cha kwanza. Ghuba ndiyo iliyo karibu. Riyadh, Doha na Kuwait wana saa yetu. Dubai na Muscat wametutangulia kwa saa moja tu, kwa hiyo mtoto wa saa 10 jioni unamfundisha saa 9 alasiri na kula chakula cha usiku na familia yako. Kumbuka tu kwamba Saudia, Oman, Qatar na Kuwait wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni siku ya shule. Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamia Jumamosi na Jumapili Januari 2022. Ramadhani hupindua ratiba yote. Andika miadi kwa mtindo wa saa 24, pamoja na jina la mji, vinginevyo siku moja utaingia darasani wakati mtoto yuko kitandani.

Usaili wenyewe kwa kawaida ni kufundisha somo fupi mbele ya mtu wa kampuni anayejifanya mwanafunzi. Hapa walimu wazuri huanguka. Aliyezoea darasa la wanafunzi 70 huhutubia. Dakika kumi zinapita bila mwanafunzi kufungua kinywa. Mtandaoni mwanafunzi ni mmoja, na anayekupima anahesabu umemwacha aseme na kuandika kiasi gani. Anza kwa swali, msubiri ajibu, mwache akosee, kisha mfuate kosa lake hadi chanzo. Kwa hisabati na sayansi uwe na njia ya kuandika kwa mkono: kibao cha kalamu kinachounganishwa na kompyuta, au simu kwenye stendi ikitazama karatasi yako. Uwe na mitandao miwili ya simu na chanzo cha umeme cha akiba kwa ruta. Wakala huvumilia lafudhi, havumilii sauti inayokatika.

Mtoto usimpe namba yako ya simu wala kuhamia naye WhatsApp, hata kama kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mikataba mingi inakataza, kwa ajili ya usalama wa mtoto na ili usimchukue mteja pembeni.

Usimtegemee wakala mmoja. Julai 2021 serikali ya China ilipiga marufuku tuisheni ya kibiashara kwa masomo ya elimu ya lazima na kutumia walimu walioko nje ya nchi, na makumi ya maelfu ya walimu wa Marekani na Kanada waliokuwa wakifundisha watoto wa China kupitia kampuni ya VIPKid walipoteza kazi hiyo. Mawakala wawili au watatu wanatosha. Waandikie Agosti, kabla muhula haujashika, au Desemba, maana matokeo ya mitihani ya majaribio ndiyo huwaamsha wazazi. Anayekudai ada ya usajili, au anayekuuzia akaunti ya mtu mwingine, mwache aende zake.

Halafu kuna tangazo utakalokutana nalo, hasa ukiwa Kenya, linaloitwa la tuisheni wakati kazi yenyewe ni kumwandikia mwanafunzi wa chuo cha ng'ambo insha aiwasilishe kwa jina lake. Uingereza ilifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2022. Bei yake inaweza kuwa nzuri kuliko ya kufundisha. Mwalimu, ikatae.