Mvinyo mtamu wa mapovu, unywewe na nini?

Swali: Nimepewa zawadi ya chupa ya Moscato d'Asti. Niandae chakula gani?

Jibu: Ifungue baada ya mlo, pamoja na vitu vitamu. Mvinyo huu wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, hutokana na zabibu za Moscato Bianco. Watengenezaji huupoza kabla hamira haijamaliza sukari yote. Ndiyo maana hubaki mtamu, na kilevi chake ni kama asilimia 5 tu.

Kanuni ni moja: chakula kisiuzidi mvinyo kwa utamu, la sivyo utauona mchachu. Kwao Piemonte huunywa na keki ya hazeli, na wakati wa Krismasi na mkate mtamu uitwao panettone. Pichi mbichi zilizokatwa vipande nazo zinafaa sana, kwa kuwa mvinyo wenyewe hunukia pichi.

Chokoleti itauzidi nguvu mvinyo huu. Hiyo iachie Brachetto d'Acqui, mvinyo mwekundu wa huko huko, wenye harufu ya stroberi na waridi. Ukipenda vyakula vya chumvi, tafuta mvinyo mtamu wa Lambrusco wa Emilia, uunywe na salami na jibini ya Parmigiano.

Moscato yako ipoze hadi nyuzi joto kati ya 6 na 8, na chupa ikishafunguliwa, imalizeni siku hiyo hiyo: mapovu hayangoji.