Kutu Baada ya Kuchomelea: Kagua Kazi Kabla ya Rangi ya Mwisho

Hewa ya Mombasa ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Wenye magari, matatu na tuktuk wanaijua hali hii: sakafu imetoboka, fundi amekata na kuchomelea bati jipya, rangi imepakwa ikang'aa. Kabla ya mwaka kwisha, malengelenge yanatokea palepale. Mara nyingi kosa haliko katika kuchomelea, bali katika kazi iliyopaswa kufuata. Rangi ikishapakwa, kazi nzuri na kazi mbovu hufanana. Ndiyo maana mteja anapaswa kufika gereji mapema.

Kwa nini kutu hurudi

Moto wa kuchomelea huunguza rangi pande zote mbili za bati. Kama bati lilipakwa zinki kiwandani, zinki nayo huungua. Upande wa nje fundi huupaka rangi, lakini upande wa ndani, usioonekana, mara nyingi huachwa chuma kitupu. Unyevu na chumvi huingia huko, na kutu hula bati kutoka ndani. Ukiona lengelenge kwa nje, bati huenda limekwisha kuliwa.

Hatua za kufuata

1. Kata kutu yote hadi ufikie chuma kizima. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu huachia. Pale mabati mawili yanapolaliana, yapakwe praima ya zinki kabla ya kuchomelewa.

2. Saga mshono kwa uangalifu, kwa sababu bati la bodi mara nyingi halifiki unene wa milimita 1. Ondoa masizi kwa brashi ya waya, kisha futa kwa thina na kitambaa safi. Chuma kitupu kisilale usiku bila kupakwa.

3. Paka praima ya epoksi pande zote mbili. Praima nyingi za kawaida za kijivu hupitisha unyevu, hivyo gari lisiendeshwe wiki nzima likiwa nazo peke yake.

4. Ziba mishono kwa silanti ya bodi za magari. Silikoni ya bafuni haifai: rangi haishiki juu yake, na baadhi hutoa asidi inayokula chuma.

5. Fila ipakwe juu ya epoksi, tena nyembamba. Fila hunyonya maji. Kazi yake ni kusawazisha, si kuziba tundu.

6. Rangi ya juu ikikauka, nyunyiza nta maalumu ndani ya milango na vizingiti, na paka anda koti chini ya gari. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Usipake oili chafu chini ya gari: huharibu raba, hudondoka barabarani, na mvua huipeleka baharini kupitia mitaro yetu.

Usalama kazini

Kabla ya kuchomelea, tenganisha betri na uondoe mazulia na siti zilizo karibu. Tangi na mipira ya mafuta viwe mbali na moto. Ikiwa haviwezi kukingwa, vitolewe. Weka kizima moto karibu na ubaki ukichunga kwa angalau nusu saa baada ya kumaliza, kwa maana moto unaweza kufuka ndani ya bodi bila kuonekana.

Moshi wa zinki huleta homa, hivyo fanyia kazi mahali penye hewa. Rangi zinazochanganywa na hadena zinaweza kusababisha pumu, na barakoa ya kitambaa haimkingi anayezipuliza. Watoto wakae mbali.

Sehemu zisizo za kubahatisha

Chasisi, sakafu chini ya siti na pale mikanda ya usalama inapofungwa hubeba uhai wa abiria. Kutu ikifika hapo, kiraka na fila havitoshi. Kipande kizima kibadilishwe na fundi mwenye ujuzi. Magari ya abiria hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini kutu haingoji siku ya ukaguzi.

Maswali ya kumuuliza fundi

Nenda gereji kabla ya rangi ya mwisho na uulize:

- Upande wa ndani wa mshono umepakwa nini? Naomba niuone.
- Fila imewekwa juu ya epoksi au juu ya chuma kitupu?
- Matundu ya maji yako wazi?

Mkubaliane mapema kwamba sehemu ya malipo itatolewa baada ya ukaguzi huo. Piga picha za kazi na uzihifadhi. Fundi anayejua kazi yake hataudhika kuulizwa, na wewe hutalipia kiraka kilekile mara mbili.