Kufundisha Historia kwa Alama za Kijiji: Mfano wa Middenbeemster

Mara nyingi historia ya mahali hufundishwa kwa kuandika miaka ubaoni, wanafunzi wakaikariri bila kujua maana yake. Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine: kuanza na kitu kinachoonekana, kisha kuuliza kwa nini kipo. Mfano wetu ni Middenbeemster, kijiji cha wakulima kaskazini ya Amsterdam, Uholanzi.

Hatua ya kwanza: Mchoro. Mwalimu achore ubaoni barabara na mitaro iliyonyooka, ikikatana na kufanya miraba. Aulize: Je, njia za zamani huwa hivi? Wanafunzi watajibu kuwa njia hupinda kufuata kilima na mto. Ndipo aeleze kwamba hizi zilipimwa kabla hajakaa mtu, kwa maana mahali hapo palikuwa ziwa.

Hatua ya pili: Maelezo. Amsterdam ilikuwa ikikua na kuhitaji chakula. Matajiri wake wakatoa fedha, na kazi ikaanza mwaka 1607. Tuta lilijengwa kulizunguka ziwa, na nje yake ukachimbwa mfereji. Vinu vya upepo zaidi ya 40 viliinua maji. Kwa kuwa kinu kimoja hakikuweza kuyafikisha juu, vilipangwa kama ngazi, kimoja kikikipokeza kingine. Mwaka 1610, kazi ikikaribia kwisha, dhoruba ilibomoa matuta ya bahari, na ziwa likajaa tena. Watu hawakukata tamaa. Waliongeza kimo cha tuta, na mwaka 1612 ardhi ikakauka.

Hatua ya tatu: Jaribio. Wanafunzi wajenge duara la udongo wa mfinyanzi ndani ya karai, watie maji pande zote, kisha wayachote ya ndani kwa kijiko. Yakikauka, mwalimu atoboe ukuta kwa kidole. Tusiharakishe hapa: wakiyaona maji yakirudi, watauelewa mwaka 1610 bila kukariri.

Hatua ya nne: Alama nyingine. Kanisa lilijengwa kati ya mwaka 1618 na 1623. Nyumba za wakulima zina paa kubwa lenye umbo la piramidi, ambalo chini yake walikaa jamaa, ng'ombe na nyasi kavu. Kwa nini ng'ombe? Ardhi ilikuwa na majimaji mno kwa nafaka, hivyo wakulima wakageukia ufugaji na jibini.

Hitimisho. Mwaka 1999 UNESCO iliiandika ardhi hiyo yote ya Beemster katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, iko kiasi cha meta 3.5 chini ya usawa wa bahari, na pampu zikinyamaza, maji yatarudi. Mwanafunzi aondoke akijua kwamba kazi ya waliotangulia hudumu kwa kutunzwa na waliopo.

Zoezi. Chagua alama moja katika kijiji cha shule unayofanyia mazoezi. Andika maswali matatu yatakayowaongoza wanafunzi kugundua ni nani waliyeiweka, kwa haja gani, na ni nani anayeitunza sasa.