Batri za depo: kuzifunga na kuzishibisha



Kahawa mbivu haingojei asubuhi. Inafika kwenye kituo cha kuosha jioni, mgongoni mwa watu, na lazima imenywe siku ileile, kama sivyo inachacha na bei inaanguka. Taa na mzani vikizimika saa mbili ya usiku, hasara inaingia mfukoni mwa kila mwanachama. Kule Mutwanga watu wako na umeme wa mtambo wa maji wa Virunga tangu mwaka 2013. Sisi wengi kati ya Butembo na Beni tunategemea jua na batri. Na batri njo inakufa ya kwanza.

Nakumbuka depo moja ambapo mimi mwenyewe nilisimamia kazi. Mimi ni muagronomu, si fundi wa umeme, na siku ile ilionekana. Tulikuwa na batri nne za volti 12, kila moja ampea-saa 100. Tulifunga chanya zote pamoja, hasi zote pamoja, kisha nyaya zote mbili za kwenda kwenye konvertisa tukazitoa kwenye batri ya kwanza. Taa ziliwaka, tukapiga makofi. Mwaka haukuisha, batri ya kwanza ikachoka, ikavuta na zingine.

Sababu ni kwamba kila kipande cha waya kinazuia umeme kidogo. Batri iliyo karibu inabeba mzigo mkubwa, ile ya mwisho inasaidia kidogo tu, na wakati wa kuchaji hiyo ya mwisho inapata mabaki. Dawa yake haina bei: toa waya wa chanya kwenye batri ya kwanza, waya wa hasi kwenye batri ya mwisho. Hapo safari ya umeme inakaribia kulingana kwa zote. Nyaya za katikati ziwe na urefu mmoja na unene mmoja.

Kama regulateri na konvertisa yenu vinakubali volti 24, ni vizuri zaidi. Funga batri mbili mbili kwa kufuatana, chanya ya moja kwa hasi ya mwenzake, kisha unganisha jozi hizo mbili chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Mzigo wa wati 800 unavuta karibu ampea 67 kwenye volti 12, lakini 33 tu kwenye volti 24, na waya haupati joto sana. Weka fizibule karibu kabisa na chanya. Batri zote ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Mpya moja katikati ya wazee watatu inazeeka haraka nao. Batri ya gari hapana: bamba zake ni nyembamba, ni za kuamsha injini tu.

Sasa kuzishibisha, maana hapa njo koperative nyingi zinapoteza pesa. Batri nne hizo zinabeba wati-saa 4.800, lakini tumia nusu tu, 2.400. Kurudisha hiyo nusu kwa masaa manne ya jua nzuri, ukihesabu na kinachopotea njiani, unahitaji paneli za karibu wati 800. Nakuta depo ziko na paneli ya wati 200 kwa batri nne! Hazishibi hata siku moja, na bamba za risasi zinashika chumvi ngumu isiyotoka tena. Paneli hiyo inatosha batri moja. Afadhali moja inayoshiba kuliko nne zinazolala njaa.

Pimeni kwa multimetri asubuhi mapema, mbele jua lipande, kila kitu kikiwa kimezimwa tangu usiku. Volti 12,7 ni imeshiba. 12,2 ni nusu. Chini ya 12, acheni kutumia. Kwenye volti 24, zidisha mara mbili. Batri za maji zinachajiwa hadi karibu 14,4, kisha zinashikiliwa kwa 13,5 hivi. Za jeli zinataka chini kidogo, kwa hiyo chagueni aina sahihi kwenye regulateri. Wakati wa mvua, washeni grupe mara moja kwa juma na muache chaja imalize kabisa, karibu ampea 10 kwa kila ampea-saa 100.

Regulateri ifungwe kwanza kwenye batri, kisha kwenye paneli. Kutoa, anza na paneli. Wakati wa kuchaji batri inatoa hewa inayolipuka, basi makaa na sigara mbali, dirisha wazi. Ongezeni maji safi ya batri tu, si ya chemchemi. Huku Beni kwenye joto, msiziweke chini ya mabati. Joto linakata umri wake kuliko baridi ya Butembo.

Andikeni namba ya kila asubuhi kwenye daftari ya depo, pembeni ya kilo za kahawa. Ikishuka siku tatu mfululizo, mniite mbele ya kununua kitu chochote.