Mshika Mbili: Masomo ya Kupima Macho kwa Mwanafunzi Mwenye Kazi

Sisi wa S.6 tumebakiwa na miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho, na kila jioni bwenini huzungumzwa jambo moja tu: baada ya hapa, ni masomo au ni kazi? Wengi wetu hatuwezi kujibu "masomo" tukanyamaza. Mimi ni mtoto wa kwanza. Nyuma yangu wako watatu, na mama huuza ndizi katika soko la Mbale. Nyumbani hawangoji cheti changu tu, wangoja na mshahara. Nami natamani kazi ya kupima macho, ambayo mafunzo yake ni ya kutwa. Kwa sababu hiyo nimeulizauliza Mbale na Jinja, nikasoma na kupiga hesabu. Naona vema niyaandike niliyoyapata, maana shida hii si yangu peke yangu.

1. Kazi yenyewe

Watu wengi huwaita wote watibuo macho "daktari wa macho", lakini kazi ziko tatu. Wa kwanza ni daktari bingwa, aliyesomea udaktari kwanza na macho baadaye. Huyu ndiye apasuaye. Wa pili ni tabibu wa macho, ambaye kwa kawaida alikuwa mhudumu wa afya kabla ya kusomea macho. Hutibu magonjwa ya macho katika hospitali zetu na kuwapeleka mbele wale wanaohitaji kupasuliwa. Wa tatu ni mtaalamu wa optometria. Yeye hupima nguvu ya kuona, huandika kipimo cha miwani, na hutambua dalili za magonjwa mapema.

Katika nchi yetu ya mashariki kazi hizi zina maana kubwa. Busoga imesumbuliwa na trakoma miaka mingi. Huko Mlima Elgon palikuwa na upofu wa mto, uletwao na minyoo ienezwayo na nzi wadogo wa kandokando ya mito. Magonjwa hayo yamepigwa vita kwa dawa zilizogawiwa vijiji vizima, na kule Elgon maambukizo ya upofu wa mto yamekomeshwa. Lakini miwani haigawiwi hivyo. Kila jicho lina kipimo chake, hata macho mawili ya mtu mmoja huweza kutofautiana, na lazima mtu aketi mbele ya mgonjwa na kupima. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu si chini ya bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu si chini ya bilioni 1 katika hao upungufu ungaliweza kuzuiwa, au bado haujashughulikiwa. Katika hao wamo mafundi cherehani na walimu waliopita miaka 40, ambao macho yao hayana ugonjwa ila hayawezi tena kuona vizuri vitu vya karibu.

2. Mahali pa kusomea

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza shahada ya optometria mwaka 2014, na masomo yake ni ya miaka minne. Katika nchi jirani, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huko Kakamega, Kenya, kinafundisha shahada hiyo, na huko Moshi, Tanzania, optometria hufundishwa katika hospitali ya KCMC kwa stashahada. Karibu na sisi, Jinja, kuna shule ya kufundisha matabibu wa macho. Mbale hatuna shule ya macho, lakini kuna mafunzo ya utabibu, na tangu mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Busitema kina kitivo chake cha afya mjini humu.

Tazama ramani basi. Kutoka Jinja mpaka Kampala ni kama kilometa 80. Kutoka Mbale ni zaidi ya 200. Mtu mwenye kazi Mbale hawezi kusoma Makerere akarudi jioni. Hata wa Jinja, akisafiri kila siku, atamaliza nauli na nguvu zake barabarani.

3. Hesabu ya saa

Wengi husema, "Nitafanya kazi na kusoma pamoja, mradi niwe na bidii." Bidii ni njema, lakini na tuipime kwa hesabu.

Katika vyuo vikuu vyetu masomo huhesabiwa kwa krediti. Krediti 1 ni saa 15 za kufundishwa katika muhula, na muhula una majuma 15 ya mafundisho, mbali na mitihani. Yaani krediti 1 ni saa 1 kwa juma. Lakini angalia sana hapa: saa 2 za mazoezi huhesabiwa kuwa saa 1 tu. Kwa hiyo masomo yenye mazoezi mengi hula saa nyingi kuliko yaonyeshavyo karatasini.

Tutwae mfano wa mwanafunzi mwenye krediti 18, ambazo 10 ni za kusikiliza mwalimu na 8 ni za mazoezi.

Kumsikiliza mwalimu: saa 10 kwa juma.
Mazoezi: 8 mara 2, saa 16.
Kujisomea, saa 2 kwa kila saa ya mwalimu: saa 20.
Jumla: saa 46.

Sasa juma lina saa 168. Toa usingizi, saa 7 kila usiku, yaani 49. Toa saa 4 kila siku za kula, kuoga, kufua, kutembea na kusali, yaani 28. Zabaki 91. Mtu mwenye kazi ya saa 8 kwa siku 6 hutoa tena 48. Zabaki 43. Masomo yadai 46. Amepungukiwa saa 3, na bado hajaugua, hajaenda msibani, wala hajapanda gari.

Labda msomaji atasema, "Saa 3 si kitu, nitapunguza usingizi." Lakini liko neno lililo zito zaidi. Si saa ngapi tu, bali ni saa zipi. Wagonjwa wa macho huja hospitali asubuhi na mchana, na kazi za mshahara nazo ni asubuhi na mchana. Saa 16 za mazoezi haziwezi kuhamishwa zikawa za usiku. Masomo ya biashara au utawala mtu aweza kuyasoma jioni, kwa sababu kitabu hungoja. Mgonjwa aliyetoka Bududa kwa gari la alfajiri hangoji.

4. Kwa nini mazoezi hayaazimwi

Huenda mtu akauliza: je, siwezi kuazima daftari la mwenzangu? Hebu tuangalie somo moja tu, la kupima jicho kwa retinoskopu.

Retinoskopu ni chombo kidogo cha mkononi chenye taa. Mpimaji hukaa katika chumba chenye giza kidogo, akamulika mboni ya mgonjwa, na ndani yake huona mng'ao mwekundu. Kisha huusogeza mwanga polepole. Mng'ao ukienda upande uleule wa mwanga, huweka lenzi ya kujumlisha mbele ya jicho. Ukienda kinyume, huweka lenzi ya kutoa. Huendelea kubadili lenzi mpaka mng'ao uijaze mboni wala usionekane kwenda huku wala huku. Hapo amefika.

Halafu huja hesabu. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, nayo ni 1 ikigawanywa kwa umbali wa mita ambapo lenzi hukusanya mwanga. Lenzi ya dayopta 1 hukusanya kwa mita 1. Ya dayopta 2 kwa nusu mita. Mpimaji akikaa sentimita 67 kutoka kwa mgonjwa, yaani theluthi mbili za mita, hana budi kutoa 1.50 kwa ajili ya umbali wake mwenyewe. Mathalan akifika kwa lenzi ya +2.50, kipimo cha jicho ni 2.50 kutoa 1.50, yaani +1.00.

Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa S.3 aiweza. Lakini kuuona mng'ao, na kujua kama umesimama au bado unatambaa, hakuandikiki daftarini. Jicho la mpimaji hulijua baada ya kuangalia macho mengi ya watu wengi. Na faida ya chombo hiki ni kwamba hakihitaji jibu. Ubao wa herufi uliotungwa na Herman Snellen huko Uholanzi mwaka 1862 humtaka mgonjwa aseme aonacho. Mtoto wa miaka miwili hasemi. Mzee asiyejua ila Lusoga, akiwa mbele ya mpimaji asiyejua ila Kiingereza, hasemi vizuri. Retinoskopu husoma jicho lenyewe. Basi mwanafunzi aliyekosa mazoezi hayo kwa sababu ya zamu kazini hakukosa alama tu. Watoto na wazee hao ndio watakaovaa miwani ya makosa.

5. Njia wanazopita watu

Nimeona njia nne ambazo mtu asiye na mali aweza kupita.

(a) Masomo kwanza, kwa mkopo. Serikali ina bodi ya kuwakopesha wanafunzi wa elimu ya juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo hulipa ada za chuo. Haulipi chakula wala chumba. Hurudishwa baada ya masomo. Mwombaji na asome orodha ya masomo yanayokopeshwa mwaka huohuo, tena ajue mapema nani atamlisha.

(b) Kazi ndogo wakati wa masomo. Rudia hesabu yetu: 91 kutoa 46 ni 45. Kazi ya saa 8 Jumamosi na saa 8 Jumapili ni 16, zabaki 29 za kupumzika na za dharura. Hii yawezekana. Haitoshi kulipa ada, lakini yaweza kulipa chakula. Likizo ndefu nazo ni za kazi.

(c) Kazi kwanza, kwa mwaka mmoja au miwili, na kutengeneza matokeo. Njia hii yamfaa aliyeanguka katika Fizikia, Kemia au Bayolojia, kwa maana bila sayansi mlango wa optometria haufunguki. Somo la darasani aweza kulisoma jioni baada ya kazi, kisha afanye mtihani tena. Lakini asisahau kwamba mitihani ya sayansi ina sehemu ya vitendo. Kabla ya kulipa ada ya mtihani, na atafute shule itakayomruhusu kuingia maabara.

(d) Njia ya ngazi. Mtu husomea utabibu au uuguzi miaka mitatu kwa stashahada, huajiriwa, hupata mshahara, na akiisha kuthibitishwa kazini huomba likizo ya masomo, akaenda Jinja kusomea utabibu wa macho. Mzee mmoja wa hapa Mbale, tabibu wa macho aliyestaafu, alipita njia hii. Nilimwuliza kama hakuona miaka imepotea. Alinijibu kwamba alipofika shuleni alikuwa amekwisha kuzoea kumshika mgonjwa, na watoto wake walikuwa wakila. Ila alinionya neno moja: ruhusa ya kwenda masomoni iwe ya maandishi, nayo isomwe yote kabla ya kutia sahihi, hasa miaka utakayotakiwa kurudi kutumikia.

Tofauti ya njia hizi ni hii. Katika (a) na (b) masomo hushika mchana, kazi hupewa mabaki. Katika (c) na (d) kazi na masomo hupeana zamu, mwaka kwa mwaka. Hakuna hata moja ambamo kazi ya kutwa na masomo ya kutwa hukaa katika mchana mmoja. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawakusema mtu asitake mbili. Ashike moja, na ya pili aiwekee siku yake.

6. Shauri langu

Mimi nimekwisha kuzungumza na mama. Nitaomba Makerere na kuomba mkopo. Nikikosa mkopo sitakwenda Kampala kubahatisha. Nitaomba stashahada ya utabibu hapa Mbale, ili nilale nyumbani na kumsaidia sokoni Jumamosi, na Jinja itakuja baadaye. Mama aliuliza jambo moja tu: ni mwaka gani nitaanza kumlipia ada mdogo wangu anayenifuata? Nilimwonyesha katika karatasi. Katika njia ya kwanza ni baada ya miaka minne au zaidi, na katika ya pili ni baada ya mitatu, nikipata kazi upesi. Hakufurahi, lakini alisema ni afadhali kuujua mwaka kuliko kuambiwa "hivi karibuni". Nawashauri wenzangu waandike karatasi kama hiyo kabla ya Novemba, na kuwaonyesha wazazi wao.

Maswali ya kujaribu

1. Mwanafunzi ana krediti 16, ambazo 6 ni za mazoezi. Atahitaji saa ngapi kwa juma, akijisomea saa 2 kwa kila saa ya mwalimu?

2. Mpimaji aliyekaa sentimita 50 kutoka kwa mgonjwa amefika kwa lenzi ya +3.00. Kipimo cha jicho ni nini?

3. Andika saa zako 168 za juma lililopita. Ngapi huwezi kueleza zilikwenda wapi?

(Majibu: la kwanza, saa 42; la pili, +1.00, la tatu walijua wewe mwenyewe.)